Daftari Alilomwandikia Baba

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni binti wa kwanza wa marehemu, na anaomba mumvumilie, kwani hadi Jumanne asubuhi historia ya kusomwa msibani iliyokuwa tayari pale nyumbani ilikuwa ya baba, huyu aliyeketi hapa mbele akiwa hai, na aliyeiandika ni mama, tunayemzika leo.

Mama Mizani, kama mlivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi 1978, ambako walimu walimkumbuka kwa ubishi kuliko kwa alama. Tarehe 3 Februari 1982 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani za maduka, maghala na kliniki za watoto, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa, na wauza nyama walipomwona anakuja na sanduku lake la mawe ya shaba, walianza kufuta mizani kabla hata ya salamu. Yeye hakuanza kwa kupima, alianza kwa kuondoa kila kitu, akasubiri mshale utulie kwenye sifuri, na usipotulia alifunga mizani hiyo hata kama ni ya shemeji yake, naye shemeji yupo hapa, ni shahidi.

Tarehe 20 Desemba 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa dini, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1987, 1990 na 1994, na huyo wa mwisho aliishi siku kumi na moja tu. Baba alisema ni mpango wa Mungu, mama akamjibu kwamba mpango huenda upo, ila yeye hajaonyeshwa, kwa hiyo asisemewe. Walibishana juu ya mpango huo kwa miaka thelathini na moja, mezani na kitandani, na baada ya machozi ya mwanzo walibishana wakicheka.

Hapa husomwa maradhi ya marehemu, lakini mama hakuugua. Mgonjwa alikuwa baba, ambaye figo zake zilishindwa mwaka 2016, na kila Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi mama alimpeleka kusafishwa damu, akamsubiri kwenye kiti cha korido. Jumanne hii, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini, mshipa ulipasuka kichwani mwake, akaanguka hapo hapo, na baba alimwona kupitia mlango, damu yake mwenyewe ikiwa ndani ya mashine, asiweze kuinuka.

Tumepigwa na butwaa, na hatujui tufiche wapi nyuso zetu, maana tulijiandaa kwa msiba mwingine. Waliokuja kumfariji baba kwa kutaja mpango wa Mungu aliwaambia, "Hayo maneno ni yangu, na leo siyataki," kisha akatutangazia kwamba kwenye mashine harudi tena.

Tulipotafuta tarehe za mama, tulilifungua lile daftari la kijani alimoandika historia ya baba, yote imekamilika isipokuwa siku ya kufa, na chini ya sehemu ya ndoa tukakuta ameandika hivi: "Watu wananihurumia kwa kile kiti cha korido. Waambieni nilikuwa na furaha pale. Mpango siujui mpaka leo, lakini kila mara mlango ulifunguka, huyu mzee akatoka akinibishia, na sikuhitaji kingine."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomkimbilia, majirani waliopika na kufagia, na wakaguzi wenzake waliobeba jeneza. Baba, kesho ni Ijumaa, gari litakuwa mlangoni kabla ya saa moja, na kwenye kile kiti atakaa binti yako. Ile nafasi ya tarehe mama aliiacha wazi, tafadhali usiijaze wewe.

Mama, pumzika salama, tutakubishia tukikutana.