Mama Pasi na Sala ya Chumba cha Kufulia

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Mama Pasi anastaafu. Sherehe ilipangwa iwe siku hiyohiyo na keki ilishaagizwa. Imebidi tuisogeze nyuma hadi Alhamisi, kwa sababu nitakayoieleza, na kamati ya keki naiomba ipunguze manung'uniko.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba wa kukunja mashuka, enzi zile nguo zote zikifuliwa kwa mikono kwenye karo za saruji. Miaka michache baadaye akakabidhiwa pasi kubwa ya mvuke, na jina likamganda hapohapo. Hata mganga mkuu, mtu asiyependa mizaha, humwita hivyohivyo. Hatimaye akawa msimamizi wa chumba kizima, na chini yake hakuna mgonjwa aliyelalia shuka lenye unyevu. Ole wake aliyejaribu kulikunja kabla halijakauka!

Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wetu wa kusali wakati pasi inapata moto. Unaiwasha, unafumba macho, na ikianza kupuliza mvuke unasema amina, kazi inaanza. Kwanza walisali madobi peke yao, kisha akaja mpishi mkuu, kisha wauguzi, hadi mlinzi wa getini. Mchungaji wetu alialikwa kuongoza siku moja, akapitiliza, na dobi mmoja akafumba macho huku pasi ikiwa juu ya koti la mganga mkuu. Daktari wa watu alizunguka wodini asubuhi nzima na alama ya pasi mgongoni, wagonjwa wakijiziba midomo kwa mashuka. Tangu hapo mchungaji husali kwa kifupi, na waumini wake wanatushukuru sana.

Kisha vita vikaja. Tulipokea majeruhi wa pande zote mbili, maana hospitali haichagui damu. Mama Pasi akaongeza jambo kwenye sala: akishawaombea vijana wetu, aliwaombea na wale wa upande wa pili, pamoja na mama zao. Jamani, ilizua mambo! Wengine walinuna, wengine wakabaki kwa ajili ya joto la pasi tu. Mpishi mkuu, aliyekuwa ametoka kumzika mdogo wake, alimwambia waziwazi kuwa sala ya namna hiyo hawezi kuiitikia, akatoka. Mama Pasi hakumfuata na mahubiri. Alisema tu kwamba kuwaombea adui ni agizo la Bwana Yesu, naye hakuombwa maoni, na kwamba nafasi ya mpishi pale karibu na dirisha asiikalie mtu.

Mwaka jana kitindamimba wake, dereva wa jeshi, alitekwa. Asubuhi baada ya habari kufika tulidhani hatatokea kazini. Alikuja. Akawasha pasi, akafumba macho, akawaombea vijana wetu. Alipofika kwa wale wa upande wa pili, sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikagoma kabisa. Mvuke ulishaanza kutoka na hakuna aliyethubutu kusema amina. Tulikuwa tunalia, sina sababu ya kuficha.

Aliyeipokea ile sala ni mpishi mkuu. Alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, hatukumwona akiingia. Akamwomba Mungu awalainishe mioyo wale wanaomshikilia mtoto wa Mama Pasi, ambaye siku hiyo alimwita dada yake, wampe chakula na blanketi, na wao pia warudi wazima kwa mama zao. Kila neno lilimtoka kwa shida, kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Alipomaliza tukaitikia sote, na Mama Pasi akaitikia kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo mpishi hajakosa, na huja na birika la chai.

Wiki iliyopita redio ilitangaza kusitishwa kwa mapigano na kubadilishana wafungwa wa vita. Majina yakasomwa, na la kijana wetu limo! Mama Pasi aliketi juu ya tenga la nguo chafu, akacheka na kulia kwa pamoja, hadi tenga likavunjika. Makabidhiano ni Ijumaa, darajani. Ndiyo maana keki inaliwa Alhamisi.

Gari la hospitali litaondoka asubuhi, na mpishi mkuu ameomba kumsindikiza dada yake. Atakuwamo pia yule askari wa upande wa pili aliyelazwa kwetu na mguu uliovunjika, kwa kuwa naye anarudishwa kwao. Mama Pasi amempigia pasi shati kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kijana hawezi kuonekana na mama yake akiwa na kola iliyokunjamana.

Mama Pasi, ahsante kwa mashuka, kwa ukali, na kwa kutuombea hata tulipokununia. Tunakutakia pumziko jema, afya tele, na nyumba yenye kelele za mwanao. Mkumbatie pia kwa niaba yetu. Na huyo mwingine, mama yake akichelewa kufika, tunakujua: hutaondoka darajani kabla hajapokewa.