Sakafu ya Mawe ya Mzee Salvatori Ntahondi

Ndugu, majirani wa Misunkumilo, na nyie mliotoka Katumba tangu alfajiri, sogeeni karibu mkae. Tunayemsindikiza leo ni mzee Salvatori Ntahondi, fundi wa sakafu.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1966 huko Bururi, Burundi, mtoto wa tatu wa marehemu Jean-Marie na marehemu Scolastica. Mwaka 1972 familia ilikimbia mauaji, na mwaka uliofuata ikapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Safari ile hakupenda kuisimulia. Alisema tu kwamba kila alipotaka kukohoa, mama yake alimziba mdomo kwa kiganja, wasisikike.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Katumba, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Mwaka 1984 alikuja Majengo kujifunza uashi kwa fundi Masele, ambaye yupo nasi hapa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na katika nyumba nyingi za Mpanda mnakanyaga sakafu zake.

Tarehe 25 Agosti 1990 alifunga ndoa na Annonciata, aliyevuka mpaka akiwa na miaka mitano. Mungu akawapa Séverine, Aloyce na Lucia. Mwaka 2015 wote wakapata vyeti vya uraia, na mwaka uliofuata, ili sherehe ya kumuaga Séverine akienda kuolewa ipendeze, mzee aliweka marumaru za dukani nyumba nzima kwa siku tatu. Alikuwa na haraka. Chini ya kila moja alitupia madonge matano ya saruji, pembeni manne na katikati moja, akazibana bila kuacha nafasi. Ziling'aa, na chini yake palikuwa na uwazi.

Tarehe 19 Oktoba 2022, saa nane mchana, joto likiwa kali, marumaru zilivimba zikapasuka. Pa! Pa! Pa! Chumba hadi chumba, kama bunduki. Mzee alijikuta kifudifudi kando ya ukuta, mikono kichwani, na kiganja cha mama yake akakihisi mdomoni. Alipopata nguvu ya kusimama, mkewe hayupo, na mjukuu wao Arcade hayupo. Aliwatafuta, akawakuta kwenye mihogo, Annonciata amemlalia mtoto.

"Ni joto tu, Mama Séverine. Ni marumaru."

"Sauti hiyo naijua mimi. Humo ndani silali tena."

Akahamia jiko la nje. Mzee naye kila jua likipanda alikaa ameshika kiti, akisubiri nyingine zipasuke. Wiki ya pili alimwendea jikoni, akasema ukweli: "Joto nimelisingizia. Kosa ni la mkono wangu. Nitaing'oa sakafu yote, niweke mawe ya mlimani."

Masele, Msukuma mwenye ng'ombe, alimtania: "We Mrundi, wenzako wanatoka kwenye mawe wanaenda kwenye marumaru, wewe unarudi porini!"

"Ng'ombe wako ukimwingiza kwenye marumaru, atateleza mpaka Sumbawanga. Nishikie tindo."

Aliyafuata mawe bapa njia ya Ugalla, akayachonga mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Kila moja alililaza kwenye saruji iliyojaa, akaacha nafasi ya kidole, kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole, asikie kama chini pana uwazi. Jioni alimwita mkewe mlangoni.

"Sikiliza. Limejaa."

"Bado," Annonciata alijibu, akarudi jikoni.

Mwaka 2024 kikohozi kilimzidi. Daktari alisema mapafu yameliwa na vumbi la miaka mingi, aache kazi. Aloyce alimsihi, "Baba, tukuitie fundi mwingine." Akakataa. Kufa kulimwogopesha, tusifiche; alikuwa akimshika Aloyce mkono akikohoa. Lakini aliogopa zaidi kumwacha mkewe jikoni, nyumba ikiwa bado inamtisha. Alichonga mawe akiwa ameketi, kitambaa chenye maji usoni, na alipokohoa alijiziba mdomo asisikike jikoni. Jiwe la mwisho, la mlangoni, alililaza tarehe 2 Machi 2025. Akagonga. Annonciata akasikiliza, akasema, "Bado, Baba Séverine."

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Jana mwili ulipofika nyumbani, mvua ikinyesha, waliobeba jeneza waliingia na matope miguuni, na hakuna aliyeteleza. Annonciata alibaki nje ya mlango. Kisha akavua kandambili, akapiga magoti, akagonga jiwe la mlangoni kwa kifundo. Akagonga la pili, la tatu, akatambaa hivyo chumba kizima, mpaka akafika chini ya jeneza. Akagonga hapo.

"Limejaa, Baba Séverine," alisema. Akatandika mkeka, akalala humo humo, pembeni yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, na wajukuu watano. Bwana amlaze mahali pasipo na kishindo. Amina.