Hester Annis Gathercole na Malisho ya Bukini
(1933–2019)

Leo, Ijumaa tarehe 12 Aprili 2019, kijiji cha Brindleham kinamsindikiza Hester Annis Gathercole, aliyekuwa mke, mama, bibi na mwalimu. Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1933 katika mji wa Grimsby, mtoto wa pili wa Bwana Walter Tebbutt, mfanyakazi wa reli, na mkewe Bi. Annis. Mwenyewe alisimulia kwamba nyumbani kwao mtoto akiuliza swali wakati wa kula, alijibiwa kwanza, ndipo akakumbushwa kumaliza viazi. Malezi hayo yalimjenga au yalimharibu, ikitegemea unamuuliza nani hapa kijijini.

Alisoma Grimsby wakati wa vita, masomo yakikatizwa na king'ora, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Lincoln na kuhitimu mwaka 1955. Januari iliyofuata aliajiriwa katika shule yetu, wakati huo ikiwa chumba kimoja chenye jiko la makaa. Alifundisha humo hadi shule ilipofungwa mwaka 1988.

Brindleham ni kijiji kinachojua kila kitu na hakiulizi chochote. Anayehamia hapa huitwa mgeni hadi wajukuu wake wazeeke. Marehemu aliishi nasi miaka sitini na mitatu, na bado wapo waliomwita "yule mwalimu mgeni". Kosa lake lilikuwa maswali. Kwa nini mlango wa kaskazini wa kanisa umezibwa kwa mawe? Kwa nini nyumba za Mtaa wa Juu zimeipa barabara kisogo? Nani alichimba bwawa, na udongo wake ulipelekwa wapi? Mwenye baa alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, hapa bwawa ni bwawa. Kunywa chai yako." Habari za udongo alizipata baada ya miaka kumi na moja: ndio kilima hiki kilichobeba kanisa. Mlango uliozibwa umemshinda hadi mwisho.

Tarehe 12 Julai 1958 alifunga ndoa na Leonard Gathercole, mkulima, wakaishi katika nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Jabez. Lililotokea katika nyumba hiyo ni lazima lisemwe leo, kwa sababu vijana wetu hawalijui, na wazee wetu wanalijua kwa namna inayowapendeza.

Kila mwaka, Jumatatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa, kijiji huzunguka mpaka wa ardhi ya wote, kikiyagonga mawe ya mpaka kwa fimbo. Katika kila jiwe mtoto mmoja huinuliwa na kubamizwa makalio juu yake mara tatu, ili akumbuke mahali hapo maisha yake yote. Zamani hizo msafara ulipofika Kona ya Fahali uliacha kwenda mbele, ukapinda na kuyazunguka Malisho ya Bukini kwa nje ya ua wa miiba. Malisho hayo yalilimwa na ukoo wa Gathercole. Mara ya kwanza alipotembea, mwaka 1957, Hester alimuuliza Mzee Jabez aliyeongoza:

"Mzee, mbona tunapinda hapa?"

"Tunapinda kwa sababu hapa ndipo tunapopinda."

"Na fahali yuko wapi?"

"Fahali gani?"

"Huyo mwenye kona."

Watu walicheka. Mzee alisema, "Mwalimu, tembea."

Alitembea, lakini kila mwaka aliuliza tena. Mapema mwaka 1962 Mzee Jabez alikubali kumuuzia mjenzi kutoka mjini malisho yale, zijengwe nyumba arobaini. Hapo swali likaacha kuwa la mzaha. Hester alikwenda kwa Bi. Keziah Pask, mjane aliyefuga mabata bukini nyuma ya nyumba yake.

"Fahali nilimwona kwa macho yangu," Bi. Keziah alimwambia. "Wa babake Jabez. Mweusi, roho kama shetani. Siku hiyo mchungaji wa kanisa akasema tupite nje ya ua, kwa leo tu. Leo tu, mwanangu! Mwaka wa pili fahali keshaliwa, na sisi hao, nje tena, tunafuata nyayo zetu wenyewe. Mimi mwaka uliotangulia nilibamizwa kwenye jiwe la mle ndani."

"Mbona hukusema, Bi. Keziah?"

"Nani aliniuliza?"

Hivyo ndivyo ardhi ya wote ilivyopotea. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Watu wema walipita njia ya mwaka jana, na malisho yaliyoachwa nje ya njia yakahesabiwa ya Gathercole, basi. Wale wanaodhani uovu huhitaji mtu mwovu wayatafakari haya.

Jioni hiyo Hester hakunong'ona pembeni. Alisema mezani, akiwa na mimba ya miezi mitano. Mzee Jabez aliweka uma chini.

"Ukitamka hilo mbele ya watu, tafuta paa lingine. Na huyo uliyembeba akazaliwe huko huko."

Leonard, ambaye desturi yake ilikuwa kumaliza chakula kabla ya kusema, aliacha chakula.

"Baba, ni kweli au si kweli?"

"Ni yetu miaka hamsini na zaidi."

"Sijauliza hilo."

Jumatatu, tarehe 28 Mei 1962, msafara ulifika Kona ya Fahali na kupinda kama kawaida. Hester alibaki amesimama, amemshika mkono Bi. Keziah.

"Vipi, Mwalimu, mimba imekuchosha?" mtu alipaza sauti.

"Sijachoka. Njia iko huku."

Leonard alitoa mundu akaufungua ua wa baba yake. Walifyeka miiba hadi jiwe likaonekana, limezama nusu. Bi. Keziah alilikalia na koti lake la Jumapili, akainuka, akasogea kidogo kushoto, akakaa tena. "Ndilo," alisema. "Kichwa changu kinasahau. Makalio hayasahau." Kijiji kizima kiliangua kicheko. Mzee Jabez alivua kofia, akalitazama jiwe kwa muda, kisha akarudi nyumbani peke yake kwa barabara.

Mnunuzi alijitoa. Kufikia Jumapili, kila mtu Brindleham alikuwa akisema, "Sisi tulijua siku zote." Hakuna aliyemshukuru Hester, ila keki moja iliyoachwa mlangoni bila jina. Mlango huo ulikuwa wa vyumba viwili juu ya duka la mikate, kwani Mzee alitimiza neno lake. Humo ndimo Edmund alimozaliwa, tarehe 30 Septemba.

Asubuhi ya msafara wa mwaka 1964, Mzee Jabez alisimama chini ya ngazi za duka la mikate.

"Huyo mtoto anatembea?"

"Anatembea, Mzee," Hester alijibu.

"Mleteni. Mwaka huu nitamwinua mimi."

Kwenye jiwe la Malisho ya Bukini alimbamiza mjukuu wake mara tatu, taratibu. Mtoto akalia. "Lia," Mzee alimwambia. "Ukilia utakumbuka." Wiki hiyo walirudi kuishi kwa Mzee. Mzee hakuomba radhi hadi anakufa mwaka 1969, na kwa nini hakuomba ndilo swali pekee ambalo marehemu, kwa tunavyojua, hakuwahi kuliuliza.

Malisho yaliandikishwa kuwa mali ya kijiji mwaka 1968. Leonard alitutoka mwaka 2003. Kuanzia 2016 marehemu alisumbuliwa na moyo. Daktari alipomaliza maelezo yake na kusema, "Una swali lolote, mama?" sisi tuliokuwepo tulivua makoti, tukajua hatutoki upesi. Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Mwaka jana alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi lango la malisho ili auone msafara. Waliokuja hawakujaza meza moja ya baa. Kwa sababu ya matope, walipita barabarani. Aliwangoja langoni hadi mvua ikaanza, nao hawakupita. Wapo wanaojifariji kwamba karatasi ya serikali ipo. Hata zama za fahali karatasi ya mpaka ilikuwepo, kabatini mwa kanisa hili hili, na hakuna aliyeifungua.

Msafara wa mwaka huu ni Jumatatu, tarehe 27 Mei, saa nne asubuhi, kuanzia lango la kanisa. Marehemu alikataza maua. Mliokuja leo mmejaza kanisa, mnatosha.

Ameacha mtoto wa kiume, Edmund, binti, Marian, wajukuu watano, na kitukuu mmoja, Tabitha, mwenye umri wa miaka sita, ambaye bado hajabamizwa kwenye jiwe lolote.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tulio hai tuvae viatu vya matope.