Kikumbo Ambacho Enoch Tattersall Hakukipiga

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne mji wetu wa Harleden ulimzika Enoch Tattersall, mshambuliaji. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Enoch Tattersall amefariki dunia, mzee wa miaka sabini na mitatu.

Alianza kama mfumaji kiwandani. Soka la kulipwa liliporuhusiwa, akawa miongoni mwa wa kwanza kuacha mashine na kula kwa jasho la uwanjani. Sifa yake haikuwa miguu, ilikuwa bega. Kumpiga kikumbo kipa aliyeshika mpira, aingie nao golini, kulikuwa halali, na kwa hilo Enoch hakuwa na mpinzani.

Ikaja nusu fainali ya kombe dhidi ya Coldwick. Kipa wao alikuwa Jabez Ormerod, kaka wa Selina, mke wa Enoch. Wiki ile Jabez alimlalamikia dada yake kwamba ana mbavu mbovu. Selina akamwambia mumewe, "Mfunge utakavyo, lakini kaka yangu usimguse."

"Simgusi," Enoch akajibu.

Mechi ikaelekea mwisho, bila kwa bila. Jabez akadaka mpira mbele ya mstari wa goli, Enoch yuko naye uso kwa uso. Uwanja mzima ukapiga kelele atupwe ndani. Enoch akasimama. Jabez akaubutua mpira mbele, Coldwick wakafunga, nusu fainali ikaenda.

"We Enoch, umeolewa na kipa?" watu walimzomea mtaani.

Klabu ikamweka kando, na ikamkatalia kuhamia kwingine. Sheria iliiruhusu. Narudia, alikuwa na miaka ishirini na sita tu, na hakucheza tena. Akarudi kufuma. Iliuma, wala hakuficha.

Juzi, kwenye chai ya matanga, Jabez alicheka. "Mbavu zangu zilikuwa nzima, dada. Nilijua utamwambia shemeji."

Selina aliendelea kukata nyama ya nguruwe. "Alijua. Asubuhi ya mechi alikuona umebeba gunia la makaa begani. Alikuja kuniambia."

"Sasa mbona hakunisukuma?"

"Ahadi alinipa mimi, Jabez. Hakukupa wewe."

Tunampa pole Selina na wanawe. Pole pia kwa Jabez, ambaye hakuimaliza chai yake. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: pale mstarini, nani kati yetu angesimama?