Shangazi Mapovu na Papa wa Sinema

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa. Kama unapika, punguza moto usogee karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka mwalimu wa kuogelea, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Shangazi Mapovu. Somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo: tia uso majini, toa mapovu. Ametutoka juma hili, baada ya kuugua kwa muda.

Alikuwa mwalimu wa kuogelea, lakini hakutafuta medali. Alipokuwa msichana, mdogo wake wa kiume alizama mtoni. Watu wazima walijaa ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Tangu siku hiyo akaapa: kila mtoto atakayepita mikononi mwake atajua kuelea.

Basi ikaja ile filamu ya papa mla watu. Papa mwenyewe alikawia kuonekana. Uliona maji tu yametulia tuli, na miguu ya mtu inaning'inia. Mji mzima ukaenda kuitazama. Jumatatu yake, bwawa tupu. Bwawa la vigae, wasikilizaji, maji ya bomba, lakini watoto wamegoma.

"Papa anapita kwenye bomba," bintiye mwenyewe alimwambia, amekumbatia nguzo.

"Papa gani huyo, mwanangu? Amekonda kiasi hicho?"

"Ndiyo maana ana njaa, mama."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Moyoni hakucheka. Mtoni hakuna nguzo ya kukumbatia.

Akaenda kuitazama filamu. Kioo cha sinema hakukiangalia sana, aliwaangalia watu. Ukumbi mzima ulikuwa umebana pumzi, mabega juu, shingo ngumu. Hivyohivyo ndivyo anavyokakamaa anayezama. "Kumbe hawa wote wanazama," akajisemea, "na wamekaa kwenye viti."

Jumamosi mchana akawarudisha watoto sinemani, wazazi wakinung'unika. Kila maji yalipotulia na muziki ukaanza kunguruma, alinong'ona, "Haya, toeni mapovu." Safu nzima ikapuliza: bruuu.

"We mama," jamaa mmoja akageuka, "tumekuja kutazama filamu au kusikiliza sufuria inachemka?"

"Puliza na wewe, kaka yangu. Shingo imekukauka."

Papa alipoibuka, ukumbi ukapiga mayowe. Watoto wakapuliza. Na yule jamaa, taratibu, naye akapuliza.

"Uoga haukuniisha," anasimulia bintiye, ambaye leo naye ni mwalimu wa kuogelea. "Ila nilikuwa na kazi ya kufanya. Hofu ilinikuta nina shughuli." Jumatatu iliyofuata alitia uso majini. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja. Darasa halikufa.

Siku zake za mwisho Shangazi aliwaambia wanawe, "Nizikeni asubuhi. Mchana kuna darasa la wanaoanza."

Wakamzika asubuhi. Mchana bwawa likafunguliwa. Bintiye aliingia majini macho mekundu, na watoto wakadhani ni dawa ya maji.

Kwa wanawe, wajukuu, na wote aliowafundisha kuelea, tunasema poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tutafakari. Kama una mtoto anayeogopa maji, usimcheke, wala usimsukume. Mshike mkono, mshuke pamoja ngazi ya kwanza. Hata kama na wewe unaogopa.