Asubuhi Tano za Pelagia Niyitegeka

Padri wetu, Shehe wetu, shemeji yangu Reverien na watoto, ndugu mliotoka Kibondo na Munanila, majirani wa hapa Kasulu na nyote mliokaa juani kwa ajili yake, mimi naitwa Kuruthumu binti Athuman, mke wa Gharibu mwenye duka pale sokoni, nimesimama kwa niaba ya familia, na kama kuna anayejiuliza ni familia ipi, nitafika huko, naomba mnivumilie tu maana ninasoma polepole, lakini ninasoma.

Jana kulikuwa na maneno hapa msibani, baadhi ya wazee waliuliza itakuwaje historia ya Mkristo isomwe na mwanamke wa Kiislamu, tena wa juzijuzi tu kwenye kusoma, na Reverien akawajibu kwamba dada wa marehemu yupo, hakuna sababu ya kutafuta mtu mwingine, basi yakaisha. Tarehe zote nitakazosoma, isipokuwa ile ya mwisho, alinitajia mwenyewe akiwa kitandani, mimi nikiandika kwenye daftari langu la kisomo, na pale nilipokosea alinirudisha.

Marehemu Pelagia Niyitegeka alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 huko Burundi, upande wa Makamba, kwenye mlima ambao siku mbingu ikiwa safi mtu akisimama Munanila anauona, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bonifasi, mkulima wa kahawa, na mama Sesilia, wote wawili wameshatangulia. Alibatizwa mwaka huohuo. Alianza shule kwa masista mwaka 1954 akasoma mpaka darasa la sita, akajua kusoma Kirundi na Kifaransa kidogo, na Kiswahili alikuja kukisoma hukuhuku bila kufundishwa na mtu, kwa kusoma karatasi za kufungia sukari dukani kwetu.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa takatifu na Reverien Nsabimana, fundi wa kufyatua na kuchoma matofali, ambaye Pelagia alimpenda tangu alipomwona akimzomea fundi mwenzake aliyebeba tofali mojamoja. Mungu aliwajalia watoto wawili wa kwanza, wote wakafariki wakiwa wachanga, na tarehe 3 Aprili 1972 akazaliwa Jeneroza, huyu mnayemwona amekaa mkekani.

Jeneroza alikuwa na siku arobaini na moja fujo za mwaka ule zilipowafanya wavuke mpaka, wakafika Munanila tarehe 14 Mei 1972, siku ya Jumapili, wakiwa na sufuria moja na blanketi moja, na Pelagia ana homa kali. Mimi na mume wangu tulikuwa Munanila tukinunua maharage ya duka, nina mwanangu Dadi, miezi minne, na nilimkuta Pelagia ameegemea ukuta wa ghala letu, mtoto analia sauti imekauka, maziwa yamekatika kwa ile homa. Wazee wangu mnisamehe nikitaja mambo ya kunyonyesha mbele yenu, lakini bila hayo historia hii haina miguu. Sikumuuliza jina. Nilikaa chini, nikamweka Dadi upande huu na Jeneroza upande huu, wakanyonya wote, na nikafanya hivyo siku ishirini, mpaka homa ikamwacha mama yake na maziwa yake yakarudi.

Siku ile ya kwanza Gharibu alisimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Mke wangu, unajua unachofanya? Huyo akishiba kwako mara tano ni mwanao, ni dada yake Dadi mpaka kufa." Nikamjibu kwamba kwanza aishi, mengine baadaye. Ndivyo ilivyo sheria yetu Waislamu, waliokua kwa ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Pelagia hakuijua, kwao hakuna kitu kama hicho, na mimi sikumwambia, kwanza kwa sababu alikuwa mgonjwa, na halafu kwa sababu nitakayoisema.

Tulirudi nao Kasulu mwezi Juni 1972, wakakaa chumba cha nyuma ya duka, Reverien akapata kazi ya matofali, na mwaka uliofuata wakajenga nyumba yao hii tuliyo uani kwake leo. Kazi ya Pelagia ilikuwa kulima, maharage yake mnayajua, na kushona mikeka, na kuanzia Februari 1975 alimsaidia mwalimu wetu wa kisomo kufundisha watu wazima, pale chini ya bati la ghala la mazao, saa tisa mchana. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, nakaa nyuma, na yeye alikuwa ananiambia mbele ya watu, "Mama Dadi, hiyo kalamu si mwiko, usiikaze, haitakimbia." Tulicheka sana miaka ile. Aliniogesha nilipougua, nilimsuka siku za sikukuu, akipika ugali wa muhogo Dadi anakula kwake, nikipika wali Jeneroza anakula kwangu, na hatukuwa tunaulizana.

Sasa kule kwao, kama ilivyo kwa Waha wa hapa, upande wa mvulana wakitaka kuposa wanaleta jembe. Dadi na Jeneroza walipoanza kutembea wameshikana mikono, Pelagia akaanza utani, kila asubuhi akipita dukani anaweka mikono kiunoni na kusema, "Bamwana, jembe langu lini?" Bamwana ndivyo wanavyoitana wazazi walioozeshana watoto. Mimi nilicheka. Angekuwa anatania tu nisingekuwa na shida, lakini siku moja tukipepeta maharage alisema kwa sauti ya chini kwamba huku hana mama, hana shangazi, hana kaburi hata moja la mtu wake, na siku watoto hawa wakioana ndipo atakuwa na ndugu katika nchi hii na mtu wa kumzika. Ningemwambia nini baada ya hapo, nilimwona uso wake umefurahi, nikaona nikimwambia sheria yetu nitakuwa nimemfukuza mara ya pili. Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka minne, na hilo ni kosa langu, nimeliandika kwa mkono wangu ili lisomwe.

Sikukuu ya Idi, mwezi Septemba 1976, tulikuwa uani kwetu watu wengi, Pelagia akauliza habari ya jembe lake kama kawaida, na bibi Zuleha, shangazi yake mume wangu, aliyetutembelea kutoka Ujiji, akadakia, "Jembe la nini? Watoto wamenyonya ziwa moja hao, nani atawaozesha? Kuruthumu hajakwambia?" Watu wengine wakacheka, hawakujua. Pelagia akanitazama, akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akauliza nimejua tangu lini, nikasema tangu Munanila. Akaweka sahani chini bila kelele, akasema, "Kumbe miaka minne nilikuwa nachekesha watu," akamchukua Jeneroza aliyekuwa amelala kwenye mapaja yangu, akaondoka.

Sikuonana naye tena hapa Kasulu mwaka ule, nikienda mlango umefungwa, na kisomo akaacha kufundisha. Mwezi Januari 1977 Reverien alipata kazi ya matofali Kibondo, wakahama wote. Dadi alikuwa anakwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba hii tupu. Mimi nilitaka kuacha kisomo, halafu nikaona kwamba kama nitamwomba radhi, sitaki kumtuma mtu na maneno yangu, maana maneno yangu yalishapita kwenye mdomo wa mtu mwingine mara moja yakaharibika, basi nikarudi darasani, nikakaa mbele.

Tarehe 19 Januari 1978, huko Kibondo, Pelagia alijifungua mtoto wa kiume, Nestori, habari tulipata kwa dereva wa lori. Mimi nilijifungua Tunu tarehe 2 Aprili mwaka huohuo. Tarehe 16 Aprili nilimaliza barua yangu ya kwanza katika maisha yangu, ukurasa mmoja, niliandika siku sita. Nilimwomba msamaha kwa kunyamaza, nikamweleza sheria ya mara tano ilivyo, na mwisho nikaandika kwamba Mungu si mchoyo, sasa yeye ana Nestori na mimi nina Tunu, hawa wawili hawajanyonya pamoja, nitamlea Tunu kwa ajili ya Nestori, na safari hii jembe atalileta yeye. Niliona nimepata dawa. Dereva akaipeleka.

Hakujibu. Jumatatu tarehe 8 Mei 1978, asubuhi, nimekaa uani nachambua mchele, nikamwona Pelagia anaingia, ana Nestori mgongoni, vumbi la njia bado liko kwenye nywele. Hakunisalimu. Alimtelemsha Nestori akamweka kwenye mapaja yangu, akamchukua Tunu kitandani, akakaa kwenye kigoda, akamnyonyesha. Mwanangu hakuwa na njaa wala mimi sikuwa nimekosa maziwa. Tunu alinyonya mpaka akalala, Pelagia akamfuta mdomo, akasema, "Moja," akamfunga Nestori mgongoni, akaenda zake kwa Warundi wenzake alikofikia.

Jumanne alirudi, akasema mbili. Jumatano nilimwekea chai, hakuigusa, akasema tatu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa anafanya nini, nikamkimbilia mlangoni nikamwambia, "Pelagia, subiri kwanza. Ukifikisha tano, Tunu ni mwanao, Nestori hamwoi tena. Unajifungia mlango mwenyewe." Akasema barua yangu ameisoma, tena kuna mahali niliandika mstari umepanda mlima. Akaondoka. Alhamisi alikunywa chai, akasema nne.

Ijumaa tarehe 12 Mei, Gharibu alichelewa kufungua duka, alikaa uani na sisi. Tunu alinyonya taratibu sana asubuhi ile, kama anajua, na alipoachia, Pelagia akasema, "Tano," halafu akaanza kulia, mimi nikalia, watoto wakalia kwa kutuona sisi, na Gharibu akatoka kwenda kutazama kama kuna mteja. Nikamuuliza kwa nini amefanya hivi wakati nilishampa njia. Naomba niyasome maneno yake yalivyo, maana niliyaandika siku hiyohiyo, "Mimi ukwe siutaki tena. Watoto wangeoana, wangegombana, mahari yangerudishwa, na mimi ningebaki sina mtu kama mwanzo. Wewe ulinifanya ndugu bila kuniambia. Na mimi nimekufanya, tena mbele ya macho yako, kwa hesabu. Sasa tukigombana tutagombana, lakini utanizika." Mwezi Juni wakahamia tena Kasulu, na kisomo kikapata mwalimu wake.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Machi 1979, uvimbe tumboni, akalazwa hospitali ya misheni tarehe 5 Aprili, akapasuliwa tarehe 11 Julai, akapata nafuu kidogo akarudi nyumbani, halafu Septemba akalazwa tena. Siku moja alinishika mkono akasema, "Utanisomea siku ile. Usimpe katekista, yule anasoma kama anafukuzwa." Nikamwambia padri yupo na walimu wapo, mimi nitatetemeka. Akasema, "Tetemeka, lakini soma wewe." Halafu akafumba macho nikadhani amelala, kumbe hapana, akasema, "Na jembe langu mpaka leo hujaleta." Tukacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Oktoba 1979, saa mbili asubuhi, Reverien amemshika upande mmoja na mimi upande mmoja.

Marehemu ameacha mume na watoto watatu, na hapa ndipo wengine walitaka niandike wawili. Wa kwanza ni Jeneroza, umri miaka saba, wa pili ni Nestori, umri mwaka mmoja na miezi tisa, wa tatu ni Tunu Gharibu, umri mwaka mmoja na miezi sita, ambaye hakumzaa, na Shehe yupo hapa, anaweza kunisahihisha kama nimesema uongo. Na huyo mnayemwona amemshika Jeneroza mkono ni Dadi, kaka yake. Reverien na Gharibu wameshakubaliana, watoto hawa wanne wana nyumba mbili, watalala pale usingizi utakapowakuta, na anayetaka kujua yupi ni wa nani atahangaika bure.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Padri kwa sakramenti, Shehe kwa busara, wanakwaya, mafundi matofali wenzake Reverien, wanakisomo waliochanga unga, majirani waliochota maji, na dereva wa lori, yeye anajua kwa nini.

Pelagia, jembe lililovunja udongo wa kwanza wa kaburi lako leo asubuhi lilikuwa jipya, limetoka dukani kwetu, nimelileta mimi. Historia hii ndiyo barua yangu ya pili kwako, nimeisoma mpaka mwisho, na mistari yote imekaa sawa. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, una kaburi katika nchi hii, na una wa kulipalilia.