Vidonge vya Siku ya Kliniki

Ndani ya treni ya asubuhi, daktari mstaafu alimwona jirani yake wa kitini, fundi cherehani mwenye kitambi, akimeza vidonge vitatu kwa mkupuo.

"Bwana fundi, hivyo ni vya presha. Mimi nilikuwa daktari. Humezwa kimoja kila siku."

"Najua, daktari. Lakini kliniki ni leo. Siku nyingine nimeze vya nini, na hakuna anayenipima?"

Daktari alishusha pumzi kama mtu anayetua gunia. "Na pombe?"

"Naiacha siku tatu kabla. Yule nesi ni kama binti yangu, sipendi kumvunja moyo. Kila mwezi ananiandikia 'vizuri sana' kwenye kadi."

"Presha itakuangusha, ndugu yangu. Kaburi halisomi kadi."

"Mke wangu naye ana maneno kama yako, na hata shule ya udaktari hakwenda."

Daktari akaikumbuka kazi yake. Miaka thelathini na minane aliandika "vizuri sana" kwenye kadi za watu, akarudi nyumbani anajisifu. Wangapi walimjia wamejipamba hivi?

Treni ikasimama. Fundi akachomekea shati, akafuta viatu.

"Niombee nifaulu, daktari," akasema, akateremka.